Akina Baba wa Darasa la Nne

Juzi nilikuwa nikipaka mavi ya ng'ombe sakafu ya jiko langu jipya, mikono imezama mpaka viwikoni, mara nikajikuta nimesimama kimya kama mtu aliyeitwa jina. Jirani yangu alinikuta hivyo akaniuliza kama kichwa kinaniuma. Nikamwambia hapana, niko darasa la nne.

Ni ile harufu. Wenzangu mliosoma miaka ile ya kwanza ya uhuru mnaijua. Mavi mabichi yaliyochanganywa na maji na majivu kidogo, yakianza kukauka juani, hiyo ndiyo ilikuwa harufu ya mwaka mpya wa shule. Siku ya kufungua, wasichana tulikwenda na mzigo wetu umefungwa ndani ya jani la mgomba, wavulana walileta maji kutoka mtoni, sakafu ikapakwa, kisha tukakaa nje kuingoja ikauke. Tulikuwa na furaha isiyo na sababu. Mimi mpaka leo nikinusa harufu hiyo nadhani kuna jambo zuri linakuja, na sijali wanaonicheka.

Lakini mwaka ule niliingia darasa la nne nikiwa na siri. Tata alikuwa ameshasema. Tata ndivyo tunavyomwita baba mzazi kwetu, na tata wangu hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa kazi. Alikuwa amepanda chai mpya kwenye mteremko wote ulioshuka mpaka kijitoni, na kila jambo alilipima kwa mikono iliyopo. Dada yake wa Nyacheki alikuwa amejifungua, na mtoto wake wa kwanza, wa miaka miwili, hakuwa na mtu wa kumshika. Tata akasema, "Bosibori ameshajua kusoma barua. Yatosha. Wiki ya pili ya shule ataenda Nyacheki."

Tena kosa lilikuwa langu. Wakati wa likizo tata aliletewa barua kutoka Kericho, nikamsomea yote bila kukwama, na salamu za mwisho nikazisoma kwa madaha. Nilisoma vizuri mno nikajiharibia. Wakati ule nilikuwa nimepanga kuwa dereva wa lori la majani chai. Nilikuwa nimeshachagua na rangi ya kofia. Sikumwambia mtu, kwa sababu hakuna msichana aliyekuwa dereva, ila nilijua kwamba lazima kwanza usome vibao vya barabarani, na vibao havikuwa Nyacheki jikoni kwa shangazi.

Mwalimu wetu mpya alitoka Pwani. Aliitwa Mwalimu Athumani, kijana mrefu, mwembamba, shati jeupe limepigwa pasi mpaka mikono inasimama. Hakujua neno hata moja la Ekegusii, lugha yetu. Sisi nasi Kiswahili chetu kilikuwa cha salamu na cha kuhesabu. Chake kilitoka kama maji ya bomba, na sisi tulikuwa tumezoea kuteka kwa kibuyu.

Aliingia, akakanyaga sakafu kwa heshima maana ilikuwa bado na unyevu, akachora mstari kutoka juu ya ubao mpaka chini. Upande mmoja akaandika MATARAJIO. Upande wa pili, AHADI.

Ombati akanyoosha mkono. Ombati alikuwa ndiye mkubwa wetu, alikuwa ameanza kuota ndevu tatu hivi. "Mwarimu, hiyo matarajio, inanunuliwa hapa sokoni ama mpaka Magwagwa?"

Mwalimu hakucheka. "Matarajio hayauzwi, mwanangu. Ni yale ninayoyangojea kutoka kwenu."

Ombati akakaa, akanong'ona kwa lugha yetu, "Basi ni bure." Darasa zima likashusha pumzi. Mwalimu wa mwaka uliopita alituanzia kwa kutaka kila mtu alete jembe na ufagio.

Alituambia anatarajia tuje kila siku hata mvua ikinyesha, na asiyejua aseme hajui, na mtu akikosea asichekwe. Halafu akahamia upande wake. Alisema yeye hatachelewa. Alisema hatampiga mtoto kwa kutojua, atampiga kwa uvivu, na hapo nikamwona Ombati akifurahi nusu. Alisema kila siku atajifunza neno moja la lugha yetu, na yeye tumeruhusiwa kumcheka. Kisha akaandika la mwisho, akageuka akatutazama mmoja mmoja.

"Hakuna mtoto atakayetoka darasa hili kabla ya mwaka kwisha bila mimi kufika kwao, kwa miguu yangu, kuuliza kwa nini."

Sikushika maneno yote. Nilishika "kwao" na nikashika "miguu". Nikainama kutazama miguu yenyewe. Alikuwa amevaa viatu vya mjini, soli nyembamba kama kipande cha mkate wa chai, na njia ya kwetu inapita katikati ya kinamasi. Jioni ile wakati wa maombi, wengine wakiwaombea wagonjwa, mimi niliviombea viatu vya mwalimu.

Kabla hajatuachia alisema jambo moja zaidi. "Kesho kutwa, kila mmoja aje na baba yake. Baba, si mwingine. Nataka asikie haya kwa masikio yake, na aweke alama yake kwenye daftari kwamba mtoto atasoma mwaka mzima."

Sasa kwa ninyi msio wa kwetu, lazima niwaeleze. Nimesema baba mzazi tunamwita tata. Mama je? Mama kwa Ekegusii anaitwa baba. Ndiyo, baba. Tangu mtoto anapoanza kufungua mdomo, anayemwita baba ni yule anayemnyonyesha. Basi watoto arobaini na kitu walitoka darasani, wakakimbilia nyumbani, na kila mmoja akapita mbele ya baba yake mzazi bila hata kumtazama, akaenda kumtafuta mama.

Mimi wangu nilimkuta kwenye pareto, mtoto mgongoni, kikapu kiunoni.

"Baba, Mwalimu anakutaka shuleni."

"Umevunja nini?"

"Sijavunja kitu. Anataka usikie, halafu uweke alama."

"Mimi? Si tata wako?"

"Amesema baba. Amesema si mwingine."

Mama alitazama mikono yake, imekuwa ya manjano kwa maua. Tangu shule ile ijengwe hakuwa amepita mlango wake. Alikuwa ameshiriki kubeba mawe ya msingi, basi. "Huyo mwalimu wenu amezaliwa wapi?"

"Pwani."

"Na huko Pwani wanawake huitwa shuleni?"

"Nadhani huko ndio wenye shule," nikasema. Na niliamini kabisa. Nilifikiri, hatimaye ametokea mwalimu anayejua ni nani hasa wa kuulizwa.

Siku ikafika. Mngewaona! Mama zetu walikuja na nguo zao za Sabato, vilemba vimekazwa, walio na viatu wakavivalia mlangoni. Mmoja alileta mkungu mdogo wa ndizi mbivu. Walikaa kwenye madawati yetu, magoti yamebanwa, watoto mgongoni, hawaongei. Mama yangu alikaa mahali pangu akapitisha kidole kwenye majina yaliyochongwa juu ya dawati kama mtu anayetafuta la kwake.

Mwalimu Athumani akaingia. Akasimama. Akatoka, akatazama juu ya mlango kama ni darasa lenyewe, akarudi.

"Hamjambo, akina mama."

"Hatujambo."

"Nashukuru mmefika. Akina baba wako njiani?"

Ombati, ambaye hakuweza kuvumilia kimya hata cha kanisani, akasema, "Mwarimu, si ndio hawa?"

"Hawa ni akina nani?"

"Akina baba."

Mwalimu akanigeukia mimi niliyekuwa karibu. "Bosibori. Huyu aliyekaa hapa ni nani?"

"Ni baba yangu, Mwarimu."

Mama akasimama, akainama kidogo kwa adabu, mtoto mgongoni akapiga chafya. Mwalimu akajishika paji la uso. Nadhani aliona labda ndiye aliyeanza kuugua.

Wakati huo huo Moraa alitokea mlangoni. Moraa alikuwa rafiki yangu, na mama yake alikuwa amefariki kabla ya mavuno ya wimbi. Nyuma yake alisimama mwanamume mwenye masharubu, kofia mkononi, anatazama chini. Moraa alikuwa akilia.

"Mwarimu, nisamehe. Mimi sina baba. Alikufa. Nimekuja na tata peke yake."

Mwalimu akamtazama yule mwanamume, akampa mkono kwa heshima zote. "Karibu sana, Bwana Tata."

Hapo ndipo darasa lilipopasuka. Tulicheka sisi, wakacheka mama zetu, hata yule mzee mwenye kofia masharubu yakaanza kumtingishika. Mwalimu mkuu alikuja mbio kutoka chumba cha pili akidhani nyoka ameingia. Yeye ni mtu wa kwetu, na alipoelezwa aliegemea ukuta ndipo akaweza kumfafanulia mwenzake. "Mwalimu, hapa ukisema baba, umeita mama. Ukitaka wanaume, sema tata."

Mwalimu Athumani hakucheka kwanza. Alimwendea Moraa, akachuchumaa mpaka macho yao yakawa sawa. "Mimi ndiye wa kukuomba msamaha, mwanangu. Umeleta uliye naye. Umefanya sawasawa." Ndipo akasimama, na akacheka mpaka akatoa kitambaa.

"Tuwarudishe hawa, tuite wanaume kesho?" mwalimu mkuu akauliza. Mama zetu walikuwa wameshaanza kuinuka.

"Warudi kwa nini? Nimeita baba, wamekuja baba. Aliyekosea lugha ni mimi."

Akawasomea ubao wote, mwalimu mkuu akitafsiri. Sikuwahi kuona watu wazima wakisikiliza hivyo. Alipotoa kibati cha wino wa muhuri ili waweke alama za vidole, mama yake Ombati akainua mkono kama mwanafunzi. Alikuwa mwanamke mnene asiyemwogopa mtu, hata chifu.

"Muulize, sisi tunaweka vidole. Chake kiko wapi?"

Mwalimu akajibu kwamba yeye anajua kuandika jina lake.

"Jina hata mimi ninalo. Aweke kidole."

Akaweka. Akafungua kila ukurasa wa kila mtoto, akaweka kidole chake juu, halafu mama akaweka chake chini. Ilichukua asubuhi nzima na ndizi zote zikaliwa.

Njiani kurudi, mama alitembea na kidole gumba amekisimamisha, hakutaka kiguse kitu. Alisema, "Kidole changu kimebaki huko," tukavuka kinamasi. Kisha akasema, "Sasa sijui nitafanyaje," na nikajua anawaza Nyacheki.

Habari ilikuwa imefika kwenye kituo cha chai kabla yetu. Tata alirudi na kikapu kitupu na uso umejaa.

"Nimeulizwa huko mbele za watu kama siku hizi mimi ndiye ninayepika. Wameniita ng'ina Bosibori!" Yaani mama wa Bosibori, kama anavyoitwa mama yangu. Wanaume wa kituo cha chai hawana huruma. "Mimi Kiswahili nakijua, nimefanya kazi Kericho. Mwalimu alitaka wanaume. Karatasi yenu hiyo ni ya bure, na Bosibori safari yake iko pale pale."

"Nimesikia, omogaka," mama akamjibu, kama anavyojibiwa mwenye mji, akaendelea kukoroga sufuria. Alikoroga muda mrefu kuliko chakula kilivyohitaji.

Jumatatu ya pili sikwenda shule. Mume wa shangazi angekuja kunichukua kesho yake. Niliambiwa nifunge nguo zangu, nazo zilikuwa gauni mbili, nikazifunga, nikazifungua, nikazifunga tena. Kengele ya shule ilikuwa gurudumu la lori lililoning'inizwa kwenye mti, na sauti yake inavuka bonde lote. Ilipolia nilisema moyoni majina ya darasa zima kwa mpangilio wa daftari la mahudhurio. Nilipofika kwangu niliitikia kwa sauti, na kuku wakanitazama.

Saa kumi alasiri nikasikia mbwa. Moraa alikuwa mbele anaonyesha njia, Mwalimu Athumani nyuma, suruali imelowa tope mpaka magotini, kiatu kimoja kimefunguka mdomo. Nikakimbilia nyuma ya ukuta wa jiko, nikaweka jicho kwenye ufa.

"Bwakire!" mwalimu akasalimia kwa nguvu. Hiyo ni salamu ya asubuhi.

Tata alikuwa ananoa panga. Alijitahidi asitabasamu. "Asubuhi imeshapita, Mwalimu. Sasa ni bwairire. Keti."

"Asante, baba. Nimekuja kwa sababu ya Bosibori."

"Usiniite baba," tata akasema, na panga likaendelea kupita juu ya jiwe. "Baba alikuja kwako wiki iliyopita. Alikuwa amevaa kilemba."

Nilifunga macho. Nilidhani yamekwisha. Lakini mwalimu alisema polepole, bila kejeli, "Basi mzee wangu, naomba niongee na huyo."

Jiwe likanyamaza.

"Daftari langu lina kidole chake, na lina kidole changu. Yeye aliahidi mtoto atakuja mwaka mzima. Mimi niliahidi asipokuja nitafika kuuliza. Leo hakuja, nimefika. Wewe siwezi kukuuliza kitu, mzee wangu. Wewe hujaniahidi chochote."

"Kwa hiyo hapa kwangu mimi sina neno?"

"Unalo. Ndiyo maana nimelibeba daftari."

Tata aliweka panga chini. Kisha akamwita mama. Alitoka jikoni anafuta mikono, akasimama mbali kidogo kama desturi ilivyo mbele ya mgeni mwanamume, macho chini. Tata akamtafsiria, na sifa moja ya tata ni kwamba alitafsiri kila neno, hata yale yasiyompendeza.

Mama sikuwahi kumsikia akiongea mbele ya mgeni. Akakohoa.

"Omogaka, dada yako ana haki ya kusaidiwa. Simkatalii. Yule mtoto aletwe hapa. Huyu wangu ameanza kutambaa, watacheza pamoja. Mgongo ninao."

"Na chai je?"

"Bosibori atachuma kabla ya kengele."

"Nitachuma!" nikapiga kelele kutoka nyuma ya ukuta, kabla mtu hajaniuliza. "Na Jumapili nitachuma! Na pareto!"

Moraa akacheka. Mwalimu akageuka kutazama migomba, nadhani alikuwa anaficha uso. Tata hakunikemea. Alimtazama mama kwa namna ambayo sikuwahi kuiona, kama mtu aliyekuta chumba ndani ya nyumba yake ambacho hakujua kipo.

"Ulianza kufikiria hili lini?" akamuuliza.

"Tangu siku ya kidole."

Wenzangu, mimi nilisoma mpaka la saba tu, na lori la chai bado sijaliendesha, ingawa bado nalitazama likipita na kofia yangu naijua. Lakini sikumaliza la saba kwa bahati. Kuna watu watatu waliokutana uani kwetu alasiri ile, mwalimu, mama na tata, na kila mmoja alifanya kitu ambacho hakuwahi kukifanya.

"Leta hilo daftari," tata akasema.

Mwalimu akafungua ukurasa wangu, akaulaza juu ya kigoda. Tata akauinamia. Vidole viwili, kimoja juu ya kingine, na chini yake nafasi nyeupe.

"Juu hakuna mahali?"

"Juu nimekaa mimi," mwalimu akamwambia.

Tata alikuwa amefundishwa na wenzake kuandika jina lake huko Kericho, na hakupenda watu wafikiri hajui. Akapangusa mkono kwenye suruali, akashika kalamu kama anavyoshika mche mchanga, akatoa ncha ya ulimi, akaanza. Herufi ya kwanza ilikwenda juu, ya pili ikashuka bondeni. Mimi nilikuwa nimeshatoka nyuma ya ukuta bila kujijua, niko karibu kabisa. Mama naye akasogea, akachungulia juu ya bega lake.

"Andika vizuri," akamwambia. "Mtoto anakuangalia."

Tata akakata alichokuwa ameandika, akaanza upya.